Ukuta Uliojengwa Bure

Sura ya Saba

Alama za magurudumu zilikuwa zinasema uongo. Sajini Mererid Bebb alipiga goti kwenye tope la lango la ngome, akazipima mara mbili kwa rula ya chuma kabla ya kuzihukumu.

"Zinaingia zimezama sentimita nne," alisema. "Na zinatoka zimezama sentimita nne."

Nyuma yake alisimama Tudwal Hafod, mikono mifukoni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Kwenye karatasi za serikali aliitwa Tudwal Roderick, lakini bonde zima lilimwita kwa jina la shamba lake, kama lilivyomwita baba yake na babu yake.

"Hiyo ni habari njema au mbaya?"

"Mzee wangu, tela likitoka na jiwe la kilo mia moja, litazama kuliko lilivyozama likiingia. Jumanne tela lako liliingia na nini?"

"Chumvi ya kondoo. Mabonge mawili."

"Likatoka na nini?"

"Mbwa. Alichoka."

Mererid alisimama akapangusa magoti. "Basi mbwa wako hana uzito wa jiwe la Kirumi. Askari wenzangu walipiga picha alama hizi Alhamisi, wakafurahi, wakaenda kula. Hakuna aliyeshika rula."

Saa nne asubuhi, Jumamosi. Ngome ya Caer Gelyn ililala mbele yao juu ya mgongo wa kilima: mistari ya kuta zilizobaki urefu wa goti, nyasi fupi zilizonyolewa na kondoo, na kuizunguka yote, ukuta wa shamba wa mawe matupu, usio na saruji wala udongo. Katikati, mahali palipokuwa ofisi ya kamanda wa Kirumi, turubai la kijani lilikuwa limelala bapa juu ya shimo.

Chini ya turubai hilo kulikuwa na jiwe la Kirumi lenye maandishi. Watu wa makumbusho walilifukua kiangazi kilichopita, wakaliacha palepale wakingoja ardhi ikauke walichukue. Jumatatu walikuja, wakalipima, wakalipiga picha. Alhamisi walirudi, wakakuta shimo. Ukuta mzima unaizunguka ngome, lango ni moja, ufunguo ni mmoja, na ufunguo huo ulining'inia jikoni kwa Tudwal. Kesi ilifungwa kwa nusu siku.

Saa tisa alasiri Bwana Lambert Hoyle, wakala wa mwenye ardhi, angefika na karatasi. Tudwal atie sahihi kwamba anaiachia Hafod Wen kwa hiari, shamba ambalo watu wake wamelilima na kulilishia kwa miaka mia mbili na sitini, na mwenye ardhi asingedai zaidi. Akikataa, Jumatatu anasomewa mashtaka. Mererid alikuwa ameomba asubuhi moja tu, na mkuu wake alimpa kwa sauti ya mtu anayempa ng'ombe mzee nyasi za mwisho.

"Nionyeshe shimo," alisema.

Walivuka. Mererid hakulitazama shimo kwa muda mrefu. Shimo ni mahali ambapo kitu hakipo. Alianza kutembea kulizunguka, duara dogo, kisha kubwa zaidi, macho chini, mwendo wa mtu aliyepoteza sindano.

Kwenye duara la tatu alisimama.

"Mzee, mwanakondoo anaweza kuacha alama kama hii?"

Tudwal aliinama. Kwenye nyasi kulikuwa na kidonda chembamba, kama ukucha uliochimba. Mkono mmoja mbele yake, upande wa kushoto, kulikuwa na kingine. Mkono mwingine mbele, upande wa kulia, cha tatu.

"Hiyo si kwato," Tudwal alisema. "Hiyo ni pembe ya jiwe." Kisha akanyanyua uso. "Wamelitembeza!"

"Wamelitembeza. Mtu mmoja peke yake. Ukilisimamisha jiwe bapa wima, unaliinamisha kwenye pembe moja, unalizungusha, unaliinamisha kwenye pembe nyingine. Linatembea kama mlevi, lakini linafika. Baba yangu alikuwa mjenzi wa kuta. Nimeona mawe mengi yakitembea."

"Yanaelekea wapi?"

Hilo ndilo lililomfanya Mererid atabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alama hazikuelekea langoni. Lango lilikuwa mashariki. Alama zilielekea magharibi, kushuka, upande wa kijito. Baada ya hatua ishirini zilipotea mahali kondoo walipokanyaga, lakini mstari ni mstari. Alinyoosha mkono kama mshale akaufuata mpaka ukamgonganisha na ukuta wa shamba.

Aliutazama ukuta. Akarudia kuutazama.

Ukuta wa zamani ulikuwa wa kijivu, umevimba huku na kubonyea kule, mawe yake mafupi mafupi kama mikate. Ukoga wa rangi ya majivu uliuota kila mahali. Kisha, kwa upana wa hatua tatu, ukuta ulinyooka. Safu kwa safu, kila jiwe limekalia maungio ya mawili yaliyo chini yake, mawe ya kofia juu yamesimama ubavu kwa ubavu kama vitabu. Kazi mpya. Na ukoga wa mawe ulikuwa umegeuzwa kwa uangalifu utazame nje, ili mpya ufanane na wa zamani.

"Hapa palianguka?"

"Theluji ya Februari ilipabomoa. Nikaweka kizuizi cha mbao. Miaka miwili nampigia kelele Bwana Hoyle kuhusu ukuta huu, hata kabla haujaanguka. Hatimaye amenisikia, Mungu ambariki. Jumatano, siku ya ule ukungu, nilikuwa mnadani kuuza kondoo, nikarudi jioni, Alhamisi asubuhi nakuta umejengwa! Nikasema, ofisi ina moyo kumbe."

Mererid alimgeukia polepole. "Jumatatu pengo lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Na hukuwaambia askari?"

"Hawakuniuliza. Waliniuliza ufunguo uko wapi."

"Mzee Tudwal!" Mererid alishika kichwa. "Watu wote wanasema ni wewe kwa sababu ngome ina mlango mmoja. Siku jiwe linaibwa, ngome ilikuwa na milango miwili!"

Alitoa simu. Hoyle alipokea kwa sauti ya mtu aliyekatizwa kifungua kinywa.

"Bwana Hoyle, ni Sajini Bebb. Swali moja. Nani uliyemtuma kujenga ukuta wa magharibi wa ngome?"

"Nani? Hakuna. Nimemwambia yule mzee mara ngapi kwamba ukuta ule haumo kwenye mpango wa mwaka huu? Wala wa mwaka ujao."

"Una hakika hakuna aliyetumwa?"

"Sajini, hakuna jiwe linalonyanyuliwa kwenye ardhi hii bila sahihi yangu. Saa tisa nitakuwa hapo na kalamu." Akakata.

Mererid aliirudisha simu mfukoni kwa upole, kama mtu anayeweka yai.

"Hakutuma mtu," alisema. "Sasa niambie, mzee. Katika maisha yako yote, katika bonde hili la watu wabahili wasiokupa hata hali ya hewa, umewahi kumwona mtu akimjengea mwenzake ukuta bure, tena kwa siri?"

Tudwal aliugeukia ukuta.

Mererid alikuwa ameshachuchumaa. Alipitisha kiganja kwenye kila safu kutoka chini, kama daktari anayetafuta mbavu iliyovunjika. Kwenye usawa wa goti kiganja kilisimama. Ncha ya jiwe moja ilitokeza nje ya ukuta, upana wa sahani, imenyooka kingo. Haikuwa na ukoga hata kidogo. Aliruka ukuta kwa mikono miwili, akachuchumaa upande wa pili. Ncha nyingine, usawa uleule, safi vilevile.

"Jiwe la kufungia," alisema kutoka upande wa pili.

"La nini?"

"Wajenzi wa nchi nyingine huweka jiwe refu linalopita ukuta mzima, litokeze huku na huku, liushike usipasuke katikati. Kwenye mashindano ya kujenga kuta ni sharti. Usipoliweka, waamuzi wanakukata alama. Ukuta wako wa zamani una jiwe kama hilo?"

"Halimo hata moja," Tudwal alisema. "Mawe ya bonde hili hukatika mafupi. Hatuna jiwe refu kuliko mkono. Babu zetu walijenga bila hayo, na kuta zimesimama."

"Basi huyu fundi alipata wapi jiwe refu?"

Mererid alikuwa ameshatoa utepe. Alipima unene wa ukuta usawa wa goti, kisha kila ncha iliyotokeza, akajumlisha kwa midomo. Akatoa mfukoni karatasi ya makumbusho, ile yenye picha na vipimo.

"Sentimita sabini na nne," alisoma.

"Na hilo?"

"Sabini na nne."

Tudwal Hafod, mwenye miaka sitini na tisa, aliurukia ukuta kama mbuzi. Mererid alimdaka ukosi.

"Usiguse!"

"Ndilo! Limelala hapo! Litoe tumwonyeshe!"

"Tulitoe, halafu? Hoyle atasema nini? Atasema jiwe limekutwa kwenye ukuta wako, shambani mwako, na wewe ndiye uliyelificha. Utafungwa kwa ushahidi wangu mimi." Alimwachia ukosi. "Jiwe tumelipata, mzee. Sasa tunamtaka mjenzi. Na mjenzi lazima aseme mwenyewe kwamba ukuta ni wake."

"Mwizi gani atasema hivyo?"

Mererid aliutazama tena ule mstari wa mawe ya kofia, ulionyooka kama uzi uliovutwa. "Mwizi mwenye kujivuna," alisema. "Tazama kazi hii. Alikuwa anaficha mali ya wizi, ana saa chache, ukungu umemfunika. Angeweza kurundika mawe tu. Lakini mikono ilikataa. Ni nani anayejenga hivi hapa karibu?"

Tudwal aliacha kuutazama ukuta. Aligeuza kichwa kuelekea ng'ambo ya kijito, ambako mtu mmoja mwenye mabega mapana alikuwa akipanga mawe kwenye mpaka wa msitu. Sauti ya nyundo yake iliwafikia kidogo baada ya kila pigo.

Gethin Prydderch. Bingwa wa kujenga kuta mara sita kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya.

*

Nest, dada yake Tudwal, alipanda kilima na chupa ya chai na mkate wa zabibu uliofungwa kwenye kitambaa. Alipoambiwa mpango, alikata kipande cha mkate kwa nguvu iliyozidi mahitaji.

"Kwa hiyo nitukane ukuta."

"Mimi nitautukana," Mererid alisema. "Ninyi mnyamaze tu. Mzee, nitasema umeujenga wewe, na nitasema maneno mabaya. Usijibu. Nest, na wewe usijibu."

"Mimi? Mimi ni bubu tangu nizaliwe," Nest alisema, na kaka yake akapaliwa na chai.

Mererid alishuka mpaka kwenye kijito, ambacho bado kilikuwa kinanguruma maji ya mvua ya Jumanne, akaita kwa viganja mdomoni.

"Bingwa! Gethin! Njoo uniazime macho yako dakika tano!"

Nyundo ilisimama. Mtu yule alipangusa mikono kwenye suruali, akavuka daraja la miguu, jembamba, akiyumbayumba bila haraka. Alikuwa na miaka kama arobaini, uso mwekundu wa upepo, vidole vinene kama mizizi.

"Sajini," alisema. "Nimesikia mambo ya jiwe. Pole, Tudwal."

"Umewahi kufanya kazi upande huu wa kijito, Gethin?" Mererid aliuliza, daftari wazi.

"Sijagusa jiwe la upande huu tangu nizaliwe. Nawafanyia kazi watu wa msitu mpaka Agosti."

"Wiki hii umevuka?"

"Nivuke nifuate nini? Kondoo?"

Mererid aliandika neno kwa neno, akamsomea, akampa kalamu. Gethin alitia sahihi bila kutazama.

"Ahsante. Hayo yamekwisha. Sasa nataka utaalamu wako. Huyu mzee anasema pengo hili alilijenga mwenyewe Jumatano." Alipiga ukuta teke dogo. "Nataka kuubomoa nitazame ndani, lakini sheria inaniambia nisiharibu kitu cha thamani. Nimesema nimwite bingwa aniambie ukweli. Mimi naona takataka."

Gethin aliutazama ukuta. Jicho lake lilipita juu ya ncha ya jiwe refu haraka mno, kama mtu anayempita mdai wake njiani. "Bora uache," alisema. "Ukuta umesimama. Mzee amejitahidi."

"Amejitahidi? Tazama mawe ya kofia, kama meno ya farasi."

"Yamenyooka," Gethin alisema.

"Yamenyooka kwa bahati. Kondoo mmoja mwenye mafua akipiga chafya, yanaanguka."

"Sijui, Sajini."

"Mimi najua. Baba yangu alijenga kuta miaka arobaini. Angeona huu angelia."

Kidevu cha Gethin kilipanda kidogo. "Baba yako Idwal Bebb? Aliyejenga ule ukuta wa kanisani wenye tumbo?"

"Ulivimba baada ya miaka thelathini. Huu utavimba kabla ya chakula cha mchana."

Nest, bubu tangu azaliwe, aliweka kikombe chini. "Mwache kaka yangu, Sajini. Ana baridi yabisi. Mtu anajenga kwa mikono aliyonayo. Mimi mwenyewe nilijenga banda la bata, halijatulia, lakini kwa kweli..." Aliuinamia ukuta, akautikisia kichwa kwa huruma. "Kwa kweli bata wangu wasingekubali kulala hapa."

"Chema chajiuza," Gethin alisema kati ya meno. "Waache watu waseme."

"Na kibaya chajitembeza," Mererid alimalizia. "Hata kwa nje tu naona alivyofanya. Kapanga mawe mazuri pande mbili kama mapazia, ndani kamwaga udongo na majani, akafunga juu. Ukuta wa mvivu. Ukiupiga mtaimbo utatoka vumbi kama gunia la unga."

"Hapana," Gethin alisema.

"Udongo mtupu."

"Nimesema hapana!" Sauti ilimpasuka. "Hamna udongo humo hata wa kujaza kijiko! Kila jiwe la ndani limekalishwa kwa mkono, dogo limekabwa na kubwa, huwezi kupitisha kisu! Msingi umeshuka mpaka kwenye mwamba, futi mbili, na kona ya kushoto kabisa chini kuna jiwe jeupe la kijitoni lililochongwa pande tatu likalie sawasawa! Ukuta huu utasimama wakati wajukuu wenu wameshasahauliwa makaburini! Bata! Nani ana bata hapa wa kuusema ukuta huu?"

Upepo ulipita. Kondoo mmoja alikohoa mbali.

Mererid alikuwa bado anaandika. Alimaliza mstari, akaweka nukta, akanyanyua uso.

"Jiwe jeupe," alisema. "Pande tatu. Kona ya kushoto, chini kabisa."

Gethin alishusha macho kwenye kona ile.

"Nimeona kuta nyingi, Gethin. Bado sijaona mtu anayeona kupitia mawe."

"Mjenzi hujua. Akitazama tu nje hujua ndani."

"Hujua kama umejaa vizuri, labda. Hajui rangi ya jiwe lililo futi mbili chini ya ardhi." Alivua koti. "Mzee Tudwal, tuubomoe. Kwa adabu, jiwe kwa jiwe. Tukikuta udongo, nitamwomba bingwa radhi magotini."

Waliubomoa. Ilichukua zaidi ya saa, na hakuna jiwe lililotupwa. Kofia zilipangwa kwenye nyasi, safu baada yake, na za ndani zikatengwa. Hapakuwa na udongo. Mawe madogo yalikuwa yamekabana kiasi kwamba Mererid ilibidi ayang'oe kwa ncha ya mtaimbo. Gethin hakukimbia. Alikaa kwenye kichuguu akiwatazama, na mara mbili, bila kujizuia, aliwaambia jiwe gani lianze kutoka.

Jiwe refu walilifikia, wakaliacha likae, wakachimba kwanza kona ya kushoto. Tudwal aliingiza mkono mpaka begani, akalitoa likidondosha maji: jeupe, limechongwa pande tatu.

Mererid alimtazama Gethin. Gethin alitazama viganja vyake.

"Kijito kilipanda," alisema hatimaye, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Jumanne jioni nilivuka kivukoni, pale maji yanapokuwa mafupi, na pikipiki yangu ya magurudumu manne. Nikalitembeza jiwe mpaka hapa pengoni, mvua ikaanza. Nikarudi kwenye kivuko, hakuna kivuko, maji matupu. Pikipiki niliiacha kwenye miti, nikavuka darajani kwa miguu. Kilo mia juu ya daraja lile, tungezama wote."

"Ukarudi Jumatano na ukungu."

"Ningelichukua maji yakishuka. Kuna mtu mjini aliyelitaka. Jina lake nitakupa kituoni, simfichi mimi." Alicheka kwa pua. "Lingekaa hapo salama. Watu mia wangepita wasilione."

"Wangepita. Askari wanne walipita." Mererid alitoa pingu, lakini hakuzifungua mara moja. "Nikwambie ulipokosea? Ukuta wa bonde hili hauna jiwe la kufungia. Ungelilaza kwenye msingi, nisingelijua milele. Ukaliweka usawa wa goti, kama kwenye mashindano."

"Pengo la hatua tatu bila jiwe la kufungia?" Gethin alimtazama kama aliyemtukania mama. "Lisingekuwa ukuta."

"Na ni ukuta mzuri, Gethin. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Baba yangu angelia kweli, kwa wivu." Akafunga pingu. "Lakini ulimwachia mzee huyu auvae wizi wako. Ulikuwa unajua Hoyle anakuja leo?"

Gethin alitazama pembeni. "Bonde zima linajua."

"Basi hilo ndilo lililonifanya nikutukanie ukuta bila huruma."

Mererid na Tudwal waliingiza mikono chini ya jiwe refu, huku Nest akisukuma kwa nyuma, wakalivuta, wakaligeuza. Upande uliokuwa umelazwa chini ulikutana na jua la saa nane. Herufi zilikuwa kali kana kwamba zimechongwa asubuhi hiyo. Tudwal alizifuata kwa kidole.

"Zinasema nini?"

"Karatasi ya makumbusho inasema ni kikosi kilichojenga boma," Mererid alisema. "Jina la mkubwa wao, na kwamba walijenga hatua sabini na mbili."

"Na mishahara yao?" Nest aliuliza.

"Hawakuiandika."

"Basi walikuwa wa bonde hili."

*

Gari la Bwana Hoyle lilisimama langoni saa tisa kasoro dakika tano. Alipanda kilima akikwepa mavi ya kondoo, suti ya kijivu, viatu vya mjini, mfuko wa ngozi kwapani. Aliona pengo ukutani. Aliona bingwa wa wilaya amekaa kwenye kichuguu na pingu mikononi, anakula mkate wa zabibu ambao Nest alimpa kwa sababu, alisema, hata mwizi ana tumbo. Kisha akaliona jiwe.

"Mmelipata," alisema. "Kwenye ukuta wake."

"Kwenye ukuta usio wake," Mererid alisema, akampa daftari. "Soma ukurasa huu, kisha huu. Hizi sahihi mbili ni za mjenzi. Ya kwanza anasema hajawahi kugusa jiwe la upande huu. Ya pili ameiweka nusu saa iliyopita, baada ya kukiri. Na sisi watatu ni mashahidi."

Hoyle alisoma. Alisoma tena. Shingo yake ilianza kubadilika rangi kutoka kwenye kola kwenda juu.

"Mwenyewe ulinisaidia, Bwana Hoyle," Mererid aliongeza. "Uliposema hakuna jiwe linalonyanyuliwa bila sahihi yako. Kama ungekuwa mwepesi wa kutengeneza kuta, tungeamini ni mafundi wako."

"Ni wazi kulikuwa na... kutoelewana," Hoyle alisema.

Tudwal alivua kofia. Nywele zake nyeupe zilisimama kwa upepo, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi uso wake wote ulionekana.

"Hakukuwa na kutoelewana," alisema. "Ulisema mimi ni mwizi. Ulisema jana kwenye uwanja wa mnada, mbele ya watu, nilipofuata pesa za kondoo wangu. Jumatano ijayo kuna mnada tena. Utasimama palepale, useme vingine. Kwa sauti ileile."

"Nitaandika barua..."

"Barua husomwa na mtu mmoja."

Hoyle alimtazama Mererid, akitafuta mtu wa kumwonea huruma. Mererid alikuwa anatazama mawingu.

"Jumatano," Hoyle alisema. "Vizuri. Na Hafod Wen ni yako, Roderick. Hakuna karatasi ya kutiwa sahihi leo."

"Najua ni yangu," Tudwal alisema, akavaa kofia, safari hii nyuma ya kichwa. "Sasa Sajini anahitaji jiwe lifike kwenye gari lake. Yeye anamshika mwizi, dada yangu ana mgongo. Tumebaki wanaume wawili. Shika huko, bwana."

"Mimi?"

"Pinda magoti, usipinde mgongo. Vidole viwe kwa chini."

Hoyle aliweka mfuko wa ngozi kwenye nyasi. Aliinama. Jiwe liliacha ardhi, likayumba, likatulia kati ya wanaume wawili, na wakaanza kuivuka ngome: Tudwal akitembea mbele, kifua nje kama mtu anayetoka harusini kwake, na wakala wa ardhi akimfuata kwa hatua za kuku, udongo mweusi wa Caer Gelyn ukipanda kwenye mikono ya shati lake.

Walipofika katikati, pumzi za Hoyle zilisikika mpaka ukutani.

"Roderick... tupumzike kidogo."

"Hapana."

Nest aliweka viganja mdomoni, akaita kwa sauti iliyofika ng'ambo ya kijito na kurudi.

"Kaza, bwana, kaza! Wenzako Warumi walilibeba wamevaa sketi!"

Kwenye kichuguu, Gethin Prydderch alitazama jinsi mzee alivyolishika jiwe, viwiko ndani, uzito kwenye mapaja, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Analijua jiwe," alisema.

"Nyanyuka," Mererid alimwambia. "Twende tukaandike jina la huyo mtu wako wa mjini."

Wakashuka nyuma ya lile jiwe, na Hoyle hakuliweka chini mpaka langoni.